Kuokoa Muda kwa Kujipanga Kazini, Nyumbani na Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wengi kwa miaka mingi, mengi nikiwa bado nafanya kazi masjala, ambako mtu alikuja kutafuta faili akaishia kuniuliza namna ya kupanga nyumba yake. Nimeyaweka kwa mafungu. Jibu likihitaji jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali ili ulifuate huko.

## Mambo ya msingi

1. Muda wangu unapotelea wapi? Nashinda nikihangaika lakini jioni sioni nilichofanya.

Kwa watu wengi niliokaa nao, kazi yenyewe haikuwa tatizo. Muda uliliwa na mambo matatu yanayoizunguka kazi: kutafuta kitu, kuamua upya jambo lililokwisha kuamuliwa, na kurudia mwanzo kazi iliyokatizwa. Kila moja huchukua dakika tatu, nne, pengine kumi. Hakuna anayezihesabu, kwa hiyo hazionekani.

Zihesabu. Chukua karatasi moja, ikunje iingie mfukoni, na kwa siku tatu weka alama kila unapotafuta kitu (T), unapojiuliza "sasa nishike lipi" (A), au unaporudi kwenye kazi na kujiuliza ulikuwa umefikia wapi (R). Pembeni andika dakika zilizopita. Mwenzangu mmoja ofisini alifanya hivyo, na siku ya tatu karatasi yake ilikuwa na T kumi na moja. Saba kati ya hizo zilikuwa za kitu kimoja: chaja ya simu. Aliifunga chaja kwa kamba kwenye mguu wa meza yake, na kujipanga kwake kukaanzia hapo.

2. Kujipanga kwenyewe hakuli muda?

Kunakula, ndiyo maana kuwekewe kikomo. Dakika kumi kila jioni zinatosha kuandika kazi za kesho na kuweka tayari kitakachohitajika kwanza. Nusu saa mara moja kwa wiki inatosha kupitia kalenda ya wiki mbili zijazo, kufuta yaliyopitwa na wakati na kuuliza nani anasubiri jambo kutoka kwako. Ukiona unavuka hapo kila mara, soma swali la 23.

3. Kila kitu kimevurugika. Nianze wapi?

Anza na kinachokukera kila siku, hata kiwe kidogo. Wengi huanza na stoo au kabati kubwa kwa sababu ndiko aibu iliko. Wanamwaga vitu vyote sakafuni, saa kumi jioni wamechoka, kisha vitu vinarudishwa vilivyokuwa ili watu wapate pa kupita. Stoo unaingia mara moja kwa mwezi. Begi lako unalifungua mara kumi kwa siku. Panga begi kwanza, kisha meza unayofanyia kazi, kisha mahali unapoweka vitu ukiingia nyumbani. Stoo itangoja; imekwisha kungoja muda mrefu.

4. Niandike kwenye daftari au kwenye simu?

Popote, mradi pawe mahali pamoja. Mwenye orodha tatu hana orodha, kwa kuwa kila mara itambidi akumbuke ipi ina nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi uliyompa mtu ni mali pia.

Kichwa peke yake hakitoshi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Mtu mwenye kazi, familia na masomo huwa na vinne kabla hajanawa uso.

Mimi nagawa hivi: chenye saa yake maalumu kinakwenda kwenye kalenda ya simu, kwa sababu simu inakumbusha. Kisicho na saa kinakwenda kwenye daftari, kwa sababu ukifungua daftari hukutani na ujumbe wa mtu mwingine. Tangu nianze hivyo sijawahi kujiuliza nitafute wapi.

5. Orodha yangu haiishi na inanivunja moyo. Nifanyeje?

Tenganisha orodha mbili. Ya kwanza ni ya kila kitu, na hiyo haitaisha maisha yako yote, wala haikukusudiwa kuisha. Ya pili ni ya leo, nayo iwe na kazi tatu, nyingi sana nne. Asubuhi unaitazama ya leo tu. Ile kubwa unaifungua jioni, katika zile dakika kumi za swali la 2.

Kisha angalia unavyoandika. "Ripoti" ni neno, na ukilikuta kesho itakubidi uanze kufikiri upya ulimaanisha nini. "Mpigie mhasibu akupe hesabu za mwezi uliopita" ni kazi. Ukiisoma mkono unakwenda wenyewe kwenye simu. Kila mstari uanze na kitenzi, na uwe hatua moja inayoweza kufanywa kwa mkao mmoja. Mstari unaohamishwa kila jioni kwa wiki nzima mara nyingi una hatua tatu ndani yake. Uvunje. Ukiuvunja na bado unahama, huenda kazi hiyo hutaki kuifanya kabisa, na ni heri umwambie anayeingoja kuliko kuendelea kuinakili.

6. Kwa nini kila kazi huchukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria?

Kwa sababu tunapokadiria tunaiona kazi ikienda bila kikwazo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hii mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watachukua siku ngapi kumaliza tasnifu zao: wastani wa makadirio ulikuwa takriban siku 34, na wastani wa siku walizotumia kweli ulikuwa zaidi ya 55.

Dawa ni kuacha kuiuliza kazi ya kesho na kuiuliza ya jana. Mara ya mwisho ulipoandaa taarifa kama hii, ulianza lini ukamaliza lini? Kama hukuandika, anza leo: pembeni mwa kila kazi kubwa andika muda uliokadiria na uliotumia. Ukifika mara tano utajua kipimo chako. Wangu ni mara moja na nusu; nikidhani saa mbili, natenga tatu.

## Kazini

7. Nikifika kazini nianze na nini?

Anza na kazi ya kwanza uliyoandika jana jioni, kabla ya kufungua barua pepe. Ukianza na barua pepe umeanza na mahitaji ya watu wengine, na saa nne itakukuta hujagusa lako. Jioni kabla ya kuondoka acha jalada la kazi hiyo mezani, likiwa wazi kwenye ukurasa utakaoanzia. Kama ajira yako ni kujibu wateja, basi barua pepe ndiyo kazi. Jibu hili halikuhusu.

8. Jumbe na barua pepe zinanimeza. Nizifanyeje?

Zima arifa zote isipokuwa simu za sauti, kisha chagua nyakati za kuzisoma, mathalani saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi. Waambie wenzako wazi: "Nasoma jumbe mara tatu kwa siku, la haraka nipigie." Wengi wakisikia hivyo huona la kwao linaweza kusubiri.

Ukizisoma, amua papo hapo. La dakika mbili lijibu. La muda mrefu liandike kwenye orodha na uutoe ujumbe machoni. Lisilokuhusu futa. Kuusoma ujumbe mmoja mara nne bila kuamua ni ule muda wa "A" wa swali la 1.

Kuna sehemu ambayo wengi hawaigusi nayo ndiyo yenye faida kubwa: namna unavyoandika wewe. "Tukutane lini?" huzaa jumbe sita. "Tukutane Jumatano saa nne asubuhi au Alhamisi saa nane mchana, ofisini kwangu, kwa nusu saa, kuhusu bajeti, zote zisipokufaa nitajie muda wako" huzaa mmoja. Kabla ya kutuma, jiulize mwenzako atakuuliza nini baada ya kuusoma, kisha lijibu humo humo.

9. Kufanya mambo mawili kwa pamoja si kunaokoa muda?

Ikiwa moja halihitaji akili, sawa: kunja nguo huku ukisikiliza somo. Yakihitaji akili yote mawili, mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi kabla haijaisha na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na kazi mpya inaharibika kwa hilo.

Njia nyepesi ya kujifunza kukaa na kazi moja ilibuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Italia. Alichukua kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya, na ndiyo maana njia yake inaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Unafanya kazi moja kwa dakika 25, unapumzika dakika 5, na baada ya vipindi vinne unapumzika zaidi. Namba 25 si takatifu. Nimeona watu wa mahesabu wakihitaji 50. Lililo muhimu ni kwamba ndani ya kipindi, wazo lolote la kando linaandikwa kwenye karatasi na kuachwa pale.

Ukilazimika kukatizwa, andika mstari mmoja kabla ya kunyanyuka: "Nimefika safu ya tatu, bado jumla ya Machi." Sekunde kumi hizo hukuepusha na ile R ya swali la 1, ya dakika kumi.

10. Faili zangu, za karatasi na za kompyuta, hazionekani zikihitajika. Nizipange vipi?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilea.

Siku moja nilitoa faili kabatini, simu ikaita, nikaliweka juu ya rafu "kwa muda." Watu watatu walilitafuta siku mbili, pamoja na mimi. Halikupotea kwa sababu ya wingi wa mafaili. Maelfu yaliyokuwa mahali pake yalionekana kila siku. Lilipotea kwa sababu liliwekwa mahali pasipo na jina. Masjala ina utaratibu kwa jambo hilo: ukitoa faili unaacha mahali pake kadi yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Fanya vivyo hivyo kwa kitu chochote kinachoazimwa, awe ni mtu wa ofisini au jirani.

Kwa kompyuta, usijenge folda ndani ya folda ndani ya folda. Ngazi mbili au tatu zinatosha, na kazi kubwa ifanywe na jina la faili. Anza jina kwa tarehe: mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2025-03-09-muhtasari-wa-kikao. Mpangilio huu ndio uliowekwa na kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba kompyuta ikizipanga faili kwa majina, zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Ukianza na siku, tarehe 9 Machi itakaa jirani na 9 Novemba ya mwaka mwingine.

Achana na majina ya "ya mwisho," "ya mwisho kabisa," "ya mwisho hii." Andika toleo-1, toleo-2. Na mara moja kwa wiki, katika ile nusu saa ya swali la 2, hamisha kila kilichorundikana kwenye uso wa kompyuta na kwenye folda ya vilivyopakuliwa.

11. Vikao vinakula siku yangu yote.

Kabla ya kukubali, uliza kikao kinatakiwa kuamua nini. Kisipokuwa na la kuamua, omba taarifa ya maandishi. Ukikiitisha wewe, tuma ajenda jana yake, anza kwa wakati bila kuwarudia waliochelewa, na kabla watu hawajanyanyuka soma kwa sauti nani atafanya nini na lini. Vikao vinavyorudiwa mara nyingi ni vile vilivyokwisha bila usomaji huo.

12. Napanga vizuri, kisha mkuu wangu analeta la dharura. Nifanyeje?

Mwaka 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, akihutubia huko Evanston, Illinois, alimnukuu mkuu mmoja wa zamani wa chuo aliyesema ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba ya haraka si ya muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka. Ni kali kidogo kwa maisha ya kawaida, maana moto ni wa haraka na ni muhimu. Lakini swali linabaki zuri: hili lisipofanywa leo, nani ataumia?

Kwa mkuu wako, usikatae na usinyamaze. Mwonyeshe orodha ya leo: "Mzee, leo nina haya matatu. Hili jipya likiingia, lipi lisubiri hadi kesho?" Mara nyingi hana habari ya hayo matatu. Akishachagua yeye, lililosubiri halitakuwa deni lako peke yako. Na usijaze siku nzima. Mahali penye dharura nyingi, panga nusu ya saa zako tu.

## Nyumbani

13. Kila asubuhi tunachelewa. Tunakosea wapi?

Mara nyingi kosa lilifanyika jana usiku. Nguo, viatu, mabegi, karatasi za kusainiwa, vyote viwe mlangoni kabla ya kulala. Kisha hesabu kurudi nyuma: kutoka saa 1:00, viatu saa 12:50, chakula 12:25, kuoga kuanzia 11:45. Wengi huhesabu kwenda mbele na kugundua mwishoni kwamba dakika hazikutosha.

Tafuta pia pale watu wanapogongana. Nyumba yenye watu wanne na bafu moja haiwezi kuamka pamoja. Ukiwapa zamu za robo saa, wa kwanza akiwa anayetoka mapema, foleni ya mlangoni inaisha, na kelele nyingi za asubuhi zinakwisha nayo.

14. Funguo, miwani, mkasi: kila siku vinatafutwa. Kuna dawa?

Kuna, nayo ni kukipa kila kitu makao karibu na mahali kinapotumika. Viwanda vya Japani vina utaratibu wa hatua tano unaojulikana kwa herufi S tano: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Kwa Kiswahili nazo zimepata S zake: sasambua, seti (yaani panga kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (yaani weka utaratibu mmoja), shikilia. Zingatia mfuatano. Kusasambua, yaani kuondoa kisichotakiwa, kunatangulia. Wengi huanza kwa kununua makopo na masanduku, wakaishia kuzihifadhi vizuri takataka zao.

Kwa funguo, msumari mmoja kando ya mlango, kwa urefu wa bega, unatosha. Ukiufikia bila kupiga hatua ya ziada utautumia. Ukihitaji kufungua droo kwanza, utaziweka mezani.

15. Usafi na kufua vinanimalizia siku nzima ya mapumziko.

Vigawe. Robo saa kila siku kwa kipande kimoja cha nyumba, na mzigo mmoja wa nguo katikati ya wiki, hupunguza ile siku nzima hadi asubuhi moja. Vyombo vioshwe kabla ya kulala. Vilivyokauka uchafu vinahitaji muda zaidi kuliko vilivyotumika punde.

16. Nimepanga mimi, wenzangu wanavuruga.

Huenda umepanga kwa kichwa chako. Muulize kila mmoja, "Ukiuhitaji mkasi ungeutafuta wapi?" kisha uuweke pale wengi walipotaja, hata kama wewe ungependa kwingine. Andika lebo, kwa mtoto asiyejua kusoma chora picha. Na umpe kila mtu eneo lake moja badala ya kuwasimamia wote kila kitu. Kitoto cha miaka mitano kinaweza kuwa bwana viatu wa nyumba nzima, na huifanya kazi hiyo kwa fahari.

17. Vyeti na nyaraka za familia zihifadhiweje?

Kabrasha moja lisiloingiza maji, lenye bahasha kwa kila mtu: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za matibabu. Bahasha ya mwisho iwe ya nyumba: mikataba, hati, risiti za vitu vya thamani. Piga picha kila karatasi na uzipe majina kama ilivyoelezwa swali la 10. Mtu wa pili lazima ajue kabrasha liko wapi. Nimeona familia ikihangaika kwa sababu aliyejua alikuwa amelazwa.

## Shuleni na masomoni

18. Natengeneza ratiba nzuri ya kusoma, siku ya tatu naiacha. Kwa nini?

Angalia kama ina nafasi wazi. Ratiba iliyojazwa kuanzia saa kumi hadi saa nne usiku huvunjika kwa mgeni mmoja, na ikivunjika mwanafunzi huona imekufa yote. Acha angalau jioni moja kwa wiki bila somo lolote, iwe ya kulipia madeni. Pia usiandike "Hisabati." Andika "Hisabati: maswali 1 hadi 8 ya milinganyo," kwa sababu ileile ya swali la 5.

19. Nikisoma nasahau. Nawezaje kudurusu bila kurudia kitabu chote?

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku ni bora kuliko kurudia mfululizo. Kwa hiyo somo la leo lipitie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kila mara dakika kumi tu.

Na kupitia kusiwe kusoma tena. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara nyingi na waliojaribu kukiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walifanya vizuri zaidi; baada ya wiki walioongoza ni wale waliojipima. Funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa rangi nyingine. Inauma kidogo kuona karatasi ina mistari minne. Hiyo minne ndiyo unayoijua kweli, na sasa unajua pa kusoma.

20. Niandikeje notisi ili zisinipotezee muda baadaye?

Gawa ukurasa kama ilivyofundishwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani: safu nyembamba kushoto, pana kulia, na nafasi chini. Darasani andika kulia. Siku hiyohiyo andika kushoto maswali yanayojibiwa na maelezo ya kulia, na chini muhtasari wa mistari miwili. Wakati wa kudurusu funika kulia, jiulize ya kushoto. Kunakili notisi upya ili zipendeze ni mchana wa kazi wenye faida ndogo mno.

21. Naahirisha mpaka usiku wa mwisho. Nifanyeje?

Ngoja ngoja huumiza matumbo, kila mwanafunzi anajua. Mwaka 1955 Cyril Northcote Parkinson, Mwingereza, aliandika kwamba kazi hutanuka kujaza muda iliyopewa. Basi ipe muda mdogo: jiwekee tarehe ya mwisho katika nusu ya muda uliopewa, na umkabidhi mtu mwingine rasimu siku hiyo.

Halafu funga kuanza kwako na jambo ambalo lazima litokee. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna hii: "Nikimaliza kula chakula cha usiku, nitakaa mezani na kuandika aya ya kwanza." Mpango wenye wakati, mahali na kitendo hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu ya "nitasoma zaidi." Na lengo la siku ya kwanza liwe dogo kiasi cha kukuondolea kisingizio: aya moja.

## Hali zisizo za kawaida

22. Kalenda ya simu inanichanganya: saa moja ni 07:00 au 01:00?

Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna tatizo ambalo vitabu vingi vya ratiba havilijui. Simu inaonyesha 07:00, mdomo unasema saa moja asubuhi. Weka kalenda kwenye saa 24 na uandike kwa tarakimu za simu, lakini unapomwambia mtu, sema sehemu ya siku: saa moja asubuhi, saa moja usiku.

Hatari kubwa iko usiku wa manane. Simu hubadili tarehe saa sita usiku. Safari ya Jumatano 01:00 ni saa saba ya usiku ule unaoanza Jumanne jioni. Ukijiandaa Jumatano jioni umeachwa siku nzima. Kwa miadi ya namna hiyo, weka kengele ya Jumanne saa kumi na mbili jioni yenye maneno "safari ni usiku huu."

23. Napenda sana kupanga, lakini naona nafanya kidogo.

Ishara zake: unabadilisha programu ya kupangia kila mwezi, unapaka orodha rangi, unapanga upya ulichopanga jana. Rudi kwenye daftari na kalamu kwa mwezi mmoja, na ushike kikomo cha swali la 2 kwa kengele. Mara nyingi mtu hupanga kupita kiasi akiikwepa kazi moja anayoiogopa. Itafute kwenye orodha yako. Utaijua kwa kuwa imehama kurasa nyingi.

24. Nimejaribu mara nyingi nikaacha. Inachukua muda gani kuzoea?

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Kwa kawaida ilichukua takriban siku 66 tendo kufanyika bila kufikiria, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, fanya Jumatano bila kulipiza. Na jenga tabia moja kwa wakati, ukianzia na zile dakika kumi za jioni.

25. Zamu zangu hubadilika kila wiki. Ratiba haiwezekani.

Usifunge kazi na saa, zifunge na tukio: "nikiamka," "nikirudi zamu," "kabla ya kulala," iwe ni mchana au usiku. Zamu zikitangazwa, ziingize zote kwenye kalenda siku hiyohiyo, na kabla ya kitu kingine chochote weka alama ya usingizi baada ya kila zamu ya usiku. Anayeiba usingizi ili apate saa mbili huzilipa kesho yake kwa makosa.

26. Nauguza au nimefiwa. Mipango yote imevunjika.

Iache ivunjike. Katika wiki hizo bakiza vitu viwili: dawa na miadi kwenye kalenda, na jambo moja tu la siku kwenye daftari. Mpe mtu mmoja unayemwamini simu zisizo za lazima azipokee. Kwa mengine yote, tuma ujumbe mmoja uleule kwa kazini, shuleni na kwa unaodaiana nao: "Nina mgonjwa nyumbani. Sitaweza kukamilisha kwa tarehe tuliyopanga. Nitakutafuta Jumatatu ya tarehe 16 kukueleza nilipofikia." Taja tarehe halisi, iandike kwenye kalenda, kisha weka simu chini urudi kwa mgonjwa wako.